Dereva hakuona ujumbe kwenye grupu: je, ninunue mfumo wa ujumbe wa madereva?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia magari ya familia hapa Dar, semi 22, karibu zote zinapeleka mzigo wa bandarini Lubumbashi na kurudi na shaba. Mawasiliano yote yako kwenye grupu la WhatsApp. Hivi karibuni mteja alibadilisha ghala la kushushia, kijana wetu wa trakingi akaandika kwenye grupu, dereva mmoja hakuona, akaenda kushusha ghala la zamani. Gharama ya kuhamisha mzigo tumelipa sisi. Kampuni iliyotufungia GPS sasa inatuuzia mfumo wake wa ujumbe, inatoza kwa kila gari kila mwezi. Mume wangu anasema ni kutupa pesa, WhatsApp inatosha. Nani yuko sahihi?

Jibu: Dada, pole kwa hasara hiyo. Nianze na jibu lenyewe: usisaini mwezi huu. WhatsApp haitoshi, hapo mzee simuungi mkono. Lakini ukinunua mfumo leo, kijana wa trakingi atahamishia humo maneno yale yale aliyokuwa akiyaandika kwenye grupu, na dereva atayapita vile vile, ila safari hii kwa malipo.

Hukunitumia ujumbe wenyewe, ila magrupu ya usafirishaji yanafanana. Utakuwa ulikaa hivi: "Jamani wale wa Lubumbashi mteja kabadilisha, msishushe pale pa siku zote, nendeni kule kwingine, pini nawatumia." Baada ya hapo mmoja anatuma picha ya foleni ya Tunduma, mwingine ujumbe wa sauti wa dakika mbili kuhusu tairi, wa tatu anamtania mwenzake wa Yanga, halafu ndipo pini inaingia, peke yake, bila neno. Dereva aliyeshinda porini upande wa Mpika, Zambia, anapata mtandao usiku, anakuta ujumbe mia na kitu. "Wale wa Lubumbashi" ni akina nani, na yeye yumo? "Pale pa siku zote" ni wapi, kama hii ni safari yake ya kwanza kwa mteja huyo?

Kijana naye ofisini anaamini ameshawaambia. Kwenye grupu tiki hazigeuki bluu mpaka kila mtu awe amesoma, na grupu lako najua lina madereva, fundi, mhasibu, wakala wa Tunduma, na wewe. Zinabaki kijivu kutwa, kwa hiyo hakuna anayezitazama tena. Kumjua aliyesoma inabidi ubonyeze ujumbe, ufungue taarifa zake, usome jina moja moja. Na hata ukilikuta jina la dereva hapo, umejua tu kwamba ujumbe ulipita mbele ya macho yake. Hujajua kama ameelewa, wala kama ameshaanza kushusha.

Tatizo hili lilishatatuliwa zamani, na namna lilivyotatuliwa inakuhusu. Mwaka 1988 kampuni ya Qualcomm ya San Diego, ambayo wakati huo ilikuwa changa, ilianza kuuza mfumo wa OmniTRACS: antena juu ya kichwa cha lori, kibodi ndogo ndani, na setilaiti katikati. Mteja wake mkubwa wa kwanza alikuwa Schneider National, wasafirishaji wa Wisconsin. Kabla ya hapo dereva wa Marekani alikuwa akisimama kwenye vituo vya malori, anatafuta simu ya sarafu, anapiga ofisini kusema yuko wapi. Njia ya setilaiti ilikuwa nyembamba na ya gharama, kwa hiyo hadithi ndefu hazikuwa na nafasi. Wakatengeneza fomu fupi zenye namba, wakaziita makro. Dereva anachagua namba ya "nimefika pa kupakia", anajaza namba ya mzigo na saa, anatuma. Ofisini kompyuta inaisoma fomu hiyo bila kumsubiri mtu aitafsiri.

Ufinyu ule ndio uliozaa kitu bora kuliko vyote katika mfumo ule. Sisi leo tuna simu zinazopitisha video, basi tumerudi kwenye "jamani wale wa".

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni karatasi na kalamu. Kaa na kijana wa trakingi na madereva wawili wakongwe, mwandike fomu zenu. Kwa njia ya Dar hadi Lubumbashi sidhani kama zinazidi kumi na mbili. Dereva anahitaji kusema nimepakia, nimezuiwa mizani, nimefika boda, nimevuka, nimefika kwa mteja, nimeanza kushusha, nimemaliza, nina tatizo. Ofisi inahitaji agizo la safari, badiliko, simama hapo ulipo, na fedha imetumwa. Kilichobaki ni maongezi, na maongezi yana haki ya kuwepo: grupu liache liwe kijiwe, lisiwe ofisi.

Ule ujumbe uliokuponza mngeuandika hivi:

BADILIKO LA KUSHUSHIA
Safari 118
USISHUSHE: ghala la Kampemba
SHUSHA: ghala la Ruashi, pini hii hapa
Jibu 1: nimeelewa, sijafika
Jibu 2: nimeshaanza kushusha
Jibu 3: nipigie
Jibu kabla ya kuingia Kasumbalesa

Kuna namba ya safari, si jina la dereva wala "wale wa". Ghala la zamani limetajwa kwa jina na kukatazwa, kwa sababu dereva analo kichwani na kwenye makaratasi. Ukimtajia jipya peke yake anaweza kudhani ni ghala la pili la kugawia mzigo. Jibu la pili lipo kwa ajili ya siku ambayo mmechelewa. Mifumo mingi niliyoiona ina "sawa" tu, na dereva aliyeshusha nusu ya mzigo hubonyeza "sawa" kwa sababu hana kingine cha kubonyeza. Jibu la tatu ni la yule ambaye hakuelewa lakini hataki kuonekana hakuelewa. Mwisho wa kujibu umefungwa kwenye mahali, boda ya Kasumbalesa ya kuingia Kongo, kwa sababu saa tatu tangu ujumbe uandikwe hazina maana yoyote kwa mtu aliyeko foleni ya boda.

Na hiyo ya mizani iandikeni kwa makini. Dereva akiandika "nimezuiwa Mpemba" hujajua lolote. Fomu iulize: ni uzito wa jumla au ni wa ekseli (mhimili mmoja wa magurudumu)? Ukomo wa jumla kwa sheria ya Afrika Mashariki hauzidi tani 56, kutegemea idadi ya ekseli, lakini gari linaweza kuwa chini ya ukomo wake na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umeegemea upande mmoja. Ekseli iliyozidi huenda ikatibika kwa kuupanga mzigo upya. Jumla ikizidi, kuupanga upya hakupunguzi kilo hata moja. Ni simu mbili tofauti kwa watu wawili tofauti, na kijana wa trakingi akijua tangu ujumbe wa kwanza ameokoa nusu siku.

Sasa saa. Hapa ndipo kampuni nyingi za kwetu zinaumia kimya kimya. Dereva akivuka Tunduma, simu yake inajirudisha nyuma saa moja, kwa sababu Zambia na Lubumbashi ziko saa moja nyuma ya Dar. Ongeza na hili: dereva anaandika "nitafika saa nane" akimaanisha mchana, na mhasibu aliyezoea kompyuta anaingiza 08:00. Siku mnabishana na mteja kuhusu demareji (malipo ya kucheleweshwa kwa gari au kontena), rekodi yenu wenyewe inawapinga. Amueni leo kwamba kila saa inayoandikwa kwenye fomu ni ya tarakimu nne, saa za Dar, popote gari lilipo. Au bora zaidi, dereva asiandike saa kabisa. Mfumo ugonge wenyewe wakati alipobonyeza.

Nasema alipobonyeza, si ujumbe ulipofika. Gari likiwa halina mtandao, programu nzuri huuhifadhi ujumbe ndani ya simu na kuutuma baadaye, ukiwa na saa mbili: saa ya kuandikwa na saa ya kupokelewa. Programu mbaya ina moja tu. Dereva aliyebonyeza "nimefika kwa mteja" saa 07:10 akapata mtandao 11:40, kwenye programu mbaya amefika 11:40, na saa nne na nusu za kungoja getini zimepotea kwenye madai yako.

Upande wa pili wa jambo hilo hausemwi na wauzaji. Agizo la ofisi nalo huzeeka. "Simama Mpika usubiri mwenzako" likimfikia dereva akiwa ameshapita hadi Serenje, saa sita baada ya kutumwa, ni hatari: anaweza kugeuza gari. Agizo la namna hiyo lazima liwe na mwisho wa uhai, likipita muda life lenyewe na ofisi iambiwe limekufa. Muulize muuzaji wako kama mfumo wake unafanya hivyo. Asipoelewa swali, umepata jibu.

Mfumo mzuri pia huwa na njia ya akiba ya SMS, kwa sababu SMS hupita mahali ambapo data inagoma. Moja inabeba herufi 160. Kiswahili kina bahati, hakina herufi za ajabu, nafasi zote ni zako. Lakini mtu akiweka emoji, au ile ritifaa iliyopinda ambayo simu na Word huiweka zenyewe kwenye neno kama ng'ombe, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo wa herufi na nafasi zinashuka hadi 70. Fomu yako inakatwa vipande viwili au vitatu na unalipia kila kipande. Fomu za SMS ziandikwe herufi za kawaida tupu.

Nikae kidogo kwenye usalama, kwa sababu muuzaji atakuonyesha jinsi ujumbe unavyomfikia dereva papo hapo, na atajivunia. Mimi hiyo ndiyo ingenitia wasiwasi. Watafiti wa Virginia Tech walitoa matokeo yao mwaka 2009 baada ya kuweka kamera ndani ya magari: kwa madereva wa malori, kuandika ujumbe kuliongeza uwezekano wa ajali au kukoswakoswa kwa takriban mara 23, na macho yalikuwa nje ya barabara wastani wa sekunde 4.6 katika kila sekunde 6. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni kama mita 100 za upofu. Mfikirie mtu huyo anateremka Kitonga na kontena la futi 40. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliwapiga marufuku madereva wa magari ya biashara kuandika ujumbe wakiendesha, pamoja na kwenye vifaa vya ofisi vya kupokelea maagizo, na sheria ile inaigusa kampuni pia: hairuhusiwi kumtaka dereva afanye hivyo.

GPS uliyofungiwa inajua gari linatembea. Basi mfumo wa ujumbe unaouzwa na kampuni ile ile hauna kisingizio: ujumbe usubiri mpaka gari lisimame, skrini ibaki imefunga, ofisini ionekane "gari linatembea, haujafunguliwa". Kijana wa trakingi atalalamika kwamba anachelewa kupata majibu. Mwambie dereva anahesabiwa dakika kuanzia aliposimama. Na amri ya "jibu haraka" ifutwe kabisa ofisini kwako. Zamani utingo ndiye aliyesoma simu. Kampuni nyingi zimewapunguza, na hakuna aliyeirithi kazi yao.

Nije kwa madereva wenyewe, maana mifumo mingi hufia mikononi mwao. Kwao trakingi ni askari: iko pale kuona aliyezidisha mwendo na aliyesimama mahali pasipopangwa. Ukiwaletea programu nyingine, wataiona ni askari wa pili. Watasema simu imeisha chaji, bando limekwisha, skrini imepasuka. Kitakachowageuza ni kuona upande wao nao unaandikwa. Dereva akituma "niko Kasumbalesa siku ya tatu, posho imeisha", ujumbe huo uwe na saa yake, na ukimya wa ofisi uwe na saa yake. Ripoti ya mwisho wa mwezi ionyeshe madereva walichukua muda gani kujibu ofisi, na ofisi ilichukua muda gani kujibu madereva, kwenye ukurasa mmoja. Kama hamko tayari kuiona safu hiyo ya pili, wewe na mzee, basi kweli pesa hiyo mnaitupa.

Bando lilipwe na kampuni, hilo halina mjadala. Kuhusu kifaa, tableti zinapendeza kwenye maonyesho, ila simu ya kawaida ya kampuni yenye kishikio imara kwenye dashibodi ninaiamini zaidi: ikiharibika Iringa inapatikana nyingine Iringa. Kama mtatumia simu binafsi za madereva, programu isifuatilie mtu akiwa nyumbani kwake likizo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Waandikie madereva ukurasa mmoja unaosema nini kinarekodiwa, nani anakiona na kinakaa muda gani, wasaini wakiwa wamesoma.

Mpango wangu kwako ni huu. Kwa wiki kadhaa tumieni fomu zenu hapo hapo WhatsApp, lakini nje ya grupu: kila gari na mazungumzo yake na namba ya ofisi, siyo namba binafsi ya kijana. Mtaona haraka fomu gani haitumiki na ipi imesahaulika. Mtauona pia ukomo wa njia hiyo: mtu mmoja hawezi kushika mazungumzo 22 bila kusahau nani hajajibu, na yeyote anaweza kufuta ujumbe wake au kuuhariri ndani ya dakika 15, jambo ambalo siku ya ugomvi na mteja ni baya sana. Kuna njia ya katikati pia. Programu ya roboti ya Telegram, au akaunti ya WhatsApp ya biashara inayounganishwa na seva, inaweza kutuma fomu yenye vitufe vitatu vya kujibu na kuandika kila kitu kwenye jedwali. Kijana wa programu anayejua kazi anaweza kukutengenezea hiyo. Kosa lake ni moja kubwa: haijui kama gari linatembea, mpaka uiunganishe na GPS.

Ukishafika hapo, mwite muuzaji aje na simu, asije na slaidi. Weka simu yake kwenye hali ya ndege, mtumie maagizo matatu, la pili likifuta la kwanza. Subiri, washa mtandao. Yanaingia kwa mpangilio? La kwanza linaonekana limefutwa, au dereva atalitii? Kisha toa laini, weka nyingine, kama dereva anavyofanya akifika Nakonde, upande wa Zambia wa boda. Bado mfumo unamjua? Halafu mwambie gari limebadilishiwa dereva Tunduma katikati ya safari. Maagizo ambayo hayajajibiwa yamfuate dereva mpya, kwa sababu ni ya safari 118, si ya mtu aliyepanda basi kurudi Dar. Kwenye mifumo iliyojengwa juu ya namba ya simu, jaribio hili ndilo linalowaumbua.

Bei ifanyie hesabu ya kawaida: ada mara magari 22 mara miezi 12, weka pembeni ya gharama ile ya kuhamisha mzigo Lubumbashi, kisha ongeza siku za demareji mlizolipa mwaka jana kwa kukosa ushahidi wa saa mliyofika. Kama demareji hazikuwasumbua na kosa la ghala ni la mara moja, hata mimi ningebaki na njia ya katikati. Kama hamjui demareji mlizolipa, mhasibu aanze na hilo kesho.

Na mkataba usome kwa jicho la siku mtakayoachana nao. Ulipe kwa mwezi, usikubali miaka mitatu kwa punguzo. Gari lililoko gereji lisitozwe. Ujumbe wote pamoja na saa zake uweze kuutoa kwenye faili la Excel wakati wowote bila kuwaomba, na hilo liandikwe kwenye mkataba wenyewe, si kwenye barua pepe ya ofisa mauzo. Anza na magari matano yenye madereva wanaolalamika zaidi.